Hita Iliyokataa Kuwaka

Lugano alipofika Lusungo akiwa bi harusi, kitu cha kwanza kumtisha hakikuwa baridi. Habari za baridi alishapewa mapema, akanunuliwa makoti mazito na soksi za sufu. Kilichomtisha ni lile sanduku la chuma lililobanwa kwenye ukuta wa sebule, kwa sababu lilikuwa linapumua.

"Linavuta pumzi," alimwambia Tusekile, fundi wa hita wa kitongoji, siku alipokuja kulisafisha kabla ya majira ya theluji. "Nikilala nalisikia. Huuu, halafu kimya. Huuu, halafu kimya. Kwetu Kyela kitu cha chuma hakipumui."

Tusekile akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka mkononi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, mwenye kicheko kilichosikika nyumba ya pili. Kazi yake aliipenda, na watu waliompenda kwa ajili ya kazi hiyo walikuwa wengi upande huu wa uwanda wa Kitulo.

"Kuna kitu kisichopumua kinachotoa joto, mwanangu? Sogea hapa, usimwogope. Weka mkono."

Akafungua mlango wa mbele wa hita. Ndani kulikuwa na kikombe cha chuma kizito, na juu yake parafujo ndefu iliyokuwa ikizunguka polepole na kudondosha punje moja moja. Punje zenyewe zilikuwa maranda ya misonobari yaliyoshindiliwa yakawa magumu kama mahindi makavu.

"Hiki ndicho chakula chake," Tusekile alisema. "Na moto ukishakula unataka hewa. Majiko ya zamani yalikula hewa hii hii ninayovuta mimi na wewe, na moshi wake yakatuachia humu humu. Huyu anavuta hewa ya nje. Unaliona bomba lile linalotoboa ukuta? Ni mabomba mawili, moja ndani ya jingine. Hewa inaingia kwa la nje, moshi unatoka kwa la ndani. Vinapishana kama watu kwenye ngazi, ila havigusani."

Lugano akainama kadiri tumbo lake lilivyomruhusu. Ujauzito ulikuwa umeshaonekana vizuri. "Sasa kama moto umefungiwa, na moshi unatoka nje, sebule inapata wapi joto?"

"Hapo sasa umeuliza. Moshi kabla haujatoka unazungushwa kwenye mirija hii myembamba. Feni inapuliza hewa ya sebuleni juu ya mirija. Hewa inachukua joto, moshi inauacha. Ukishika kikombe cha bati chenye chai, si mkono unaungua? Lakini haulowi."

"Haulowi," Lugano alirudia, akatabasamu.

"Habari ya mtoto?" hita ikauliza.

Lugano aliruka nyuma, akamshika fundi bega. Tusekile akacheka tena. Akamweleza kwamba hita zote za uwanda wa juu zinaongea, ila si kwa kupiga soga. Zinaongea kwa sababu sheria imezipa haki moja ambayo hakuna chombo kingine cha nyumbani kilichopewa. Hita inaruhusiwa kukataa.

Haki hiyo ilikuwa na historia yake. Mwaka ambao mataifa yalitandaza vumbi lile jembamba juu angani, lile ambalo watu waliliita Kivuli, joto lililokuwa likiunguza mabonde lilipungua. Mpunga ukarudi Kyela, mito ikajaa. Lakini huku juu, mahali palipokuwa na umande mweupe wa asubuhi tu, theluji ikaanza kuanguka na kukaa. Watu hawakuwa na hita. Waliziba madirisha kwa matope, wakawasha mkaa vyumbani. Mama mdogo wa Tusekile na wanawe walikutwa asubuhi wamelala kwa utulivu, mashavu yamewaiva kama watu waliotoka kucheza. Hawakuamka. Ile gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye moto uliokosa hewa, watu wa Kitulo waliipa jina la Mnyamavu, na hita zilipoletwa zilipewa pua ya kumnusa.

"Akimnusa, anazima," Tusekile alisema, akifunga mlango wa mbele. "Umbembeleze, umtukane, haambiliki. Fundi peke yake ndiye mwenye neno la kumlazimisha. Na mimi neno hilo sijawahi kulitamka."

Akakaza kila kiungio kwa nguvu zake zote, akanywa chai, akaaga.

* * *

Theluji kubwa ilikuja kabla ya siku za Lugano kutimia. Mumewe, Mbonile, alikuwa ameshuka Usangu kuleta mchele, na barabara ikafungwa nyuma yake. Nyumbani alibaki baba mkwe, Mzee Ambilikile, mfugaji wa kondoo, mtu wa maneno machache na amri nyingi. Uchungu ulimshika Lugano alfajiri. Mkunga, Mama Subilaga, akaletwa kutoka nyumba ya jirani, kitanda kikahamishiwa sebuleni karibu na hita, na shuka kubwa likatundikwa katikati ya chumba, maana Mzee Ambilikile alikuwa mtu wa mila na hakutaka kumwona mkwewe katika hali ile.

Mtoto akazaliwa asubuhi. Alikuwa msichana, mdogo sana, anaenea kwenye viganja vya Mama Subilaga na nafasi ikabaki. Alilia sauti ya paka. Wote wakashukuru, mzee akapiga makofi nyuma ya shuka. Kabla makofi hayajaisha, hita ikazima.

Tusekile alipigiwa simu, akaja akiishika kamba iliyofungwa kutoka nyumba hadi nyumba, maana upepo haukuruhusu mtu kuona kiganja chake. Alipoingia, nyusi zake zilikuwa nyeupe.

"Shikamoo baba. Hongera mama. Imesema nini?"

"Muulize mwenyewe," mzee alijibu kwa hasira. "Mimi hanisikilizi."

"Nimezima," hita ilisema. "Nanusa moshi wangu kwenye hewa ninayovuta. Sitawaka mpaka ijulikane unaingilia wapi."

Tusekile akatoka tena. Nyuma ya nyumba, theluji ilikuwa imeporomoka kutoka paani na kuifunika dohani yote, lile bomba la moshi. Aliifukua kwa mikono na chepe mpaka mdomo wa bomba ukaonekana. Akarudi ndani akiwa na matumaini. Hita ikavuta pumzi ndefu, mwali mdogo ukaruka, ukawa wa njano, ukazimwa.

"Bado," hita ikasema.

Akafungua bomba ukutani, akamulika kwa taa. Mara moja akaona. Barafu iliyoanguka ilikuwa imelipinda bomba, na lile la ndani limepasuka ufa mrefu kama kidole. Moshi ulikuwa unavujia kwenye bomba la nje na kurudi kwenye moto pamoja na hewa safi. Bomba la akiba hakuwa nalo. La mwisho alikuwa amelifunga nyumba nyingine wiki iliyopita.

"Ufa uko ndani ya bomba la nje?" Mzee Ambilikile aliuliza kutoka upande wake wa shuka. "Moshi hauji humu sebuleni, sivyo?"

"Kwa sasa hapana, baba."

"Basi sema neno. Mwambie awake."

Sebule tayari ilikuwa imeanza kupoteza joto. Pumzi ya Mama Subilaga ilionekana kama mvuke. Tusekile aliigeukia hita.

"Nikikulazimisha, itakuwaje?"

"Nitawaka kwa hewa chafu," hita ilijibu. "Mwali utakuwa dhaifu, na mwali dhaifu huzaa Mnyamavu. Kama viungio vyangu vyote vimekaza, atatoka nje. Kama kuna kimoja kimelegea, ataingia humu. Kuvijua vyote siwezi."

"Vimekaza," Tusekile alisema taratibu. "Nilivikaza mwenyewe."

"Unaona!" mzee akasema.

Hapo ndipo Tusekile alipokosa raha. Kwa nyumba hii angeweza karibu kuapa. Lakini alijua jambo ambalo mafundi walifundishwa kabla hawajakabidhiwa neno. Hita za uwanda zilikuwa zinasikilizana. Kila moja ilijifunza kutoka kwa zote. Fundi akilazimisha hita moja iwake ikiwa inanusa moshi wake, zote zingelipokea kama somo: harufu hii, binadamu mwenye ujuzi ameona inavumilika. Na mara nyingine pua zao zingechelewa kidogo kukataa. Ng'ambo ya uwanda kulikuwa na nyumba nyingi ambazo hakuwahi kuzifikia, zenye viungio alivyofunga mtu asiyemjua. Watoto walilala humo.

Akajaribu kumweleza mzee. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, hilo lazima lisemwe, kisha akajibu kwa sauti ya chini.

"Mimi nakuambia habari za mjukuu wangu aliyeko hapa. Wewe unaniambia habari za watu wasiokuwepo."

"Wapo, baba. Ila hatuwaoni."

"Mtoto huyu akifa kwa baridi utawaambia nini hao usiowaona?"

Tusekile alisimama na bomba lililopasuka mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu awe fundi lile neno likamjia mdomoni likakaa kwenye ulimi. Mzee Ambilikile naye hakungoja. Alivaa buti, akasema anakwenda stoo kuchukua jiko la mkaa, lile la mama yake.

Tusekile akauwahi mlango, akauzuia kwa mgongo.

"Baba, nisamehe. Mkaa hauingii humu. Nitakuzuia kwa mikono, unitukane ukitaka, ukanishtaki kwa mume wangu. Nimewafunika watoto wa mama yangu mdogo kwa mikono hii. Hauingii."

Wakatazamana. Mzee alikuwa hajazoea kuzuiliwa mlango kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Nyamazeni nyote wawili!" Mama Subilaga akafoka kutoka nyuma ya shuka. "Mnagombania sebule. Mtoto hana haja ya sebule, ana haja ya kifua. Lugano, fungua gauni. Mlaze hapa katikati, ngozi kwa ngozi. Kofia yake iko wapi? Baba, leta kila kitu chenye manyoya katika nyumba hii."

"Atavumilia muda gani hivyo?" Tusekile akauliza.

"Mama akiwa na joto, mtoto ana joto. Mama mwenyewe akianza kutetemeka, hapo nami nitaanza kuogopa."

Tusekile akavuta pumzi. "Kwangu kuna bomba kama hili. Liko kwenye hita yangu, linafanya kazi. Nitalifungua nilete. Nikirudi nikakuta mama amezidiwa, nitalisema neno, na kila nyumba ya uwanda huu nitaijibu mimi." Akasogea karibu na shuka. "Lugano, mwanangu, unasemaje? Mtoto ni wako."

Sauti ya Lugano ikatoka chini ya mablanketi, imechoka lakini imetulia.

"Nenda, mama. Mimi ni mtu wa Kyela. Nimetoka na joto langu kwetu."

Mama Subilaga akacheka kwanza. Upande wa pili wa shuka ikasikika sauti nyingine, kama mzee anayekohoa ili asicheke.

* * *

Gwamaka, mumewe Tusekile, alikuwa amekaa mbele ya hita akimenya viazi. Mkewe aliingia na theluji mpaka magotini, hakusalimu, akazima hita na kuanza kufungua skrubu za dohani.

"Imeharibika?"

"Nzima kabisa. Ya Mzee Ambilikile ndiyo imepasuka, na kuna mtoto wa leo."

Gwamaka aliweka kisu chini, akaenda kushika upande wa pili wa bomba bila kuambiwa. Lilikuwa bado la moto, wakalishika kwa magunia. Walipolitoa, upepo ukaingia kwa lile tundu ukapiga filimbi, naye akaliziba kwa mto wa sufu na ubao.

"Sasa sisi tutalala wapi?"

"Kwa Mzee Ambilikile."

"Yule anakoroma, Tusekile."

"Na wewe unakoroma. Mtaitikiana."

Akaguna, akavaa koti, akalibeba bomba begani kama mtu aliyebeba mche wa mnazi. Na viazi akavichukua. Walirudi wameshika kamba, yeye mbele, mkewe nyuma akilikinga bomba lisipigwe na upepo.

Tusekile alipofungua mlango alidhani amekosea nyumba. Sebule ilikuwa imejaa kondoo. Mzee Ambilikile alikuwa ametoa wale walionona kutoka zizini, akawalaza kwa mstari kando ya kitanda, na mmoja aliyekataa kulala alikuwa amekumbatiwa shingoni na mzee mwenyewe. Harufu ilikuwa ya zizi. Lakini hewa haikuwa ile ya kukata aliyoiacha.

"Mliniambia vyenye manyoya," mzee alisema, kabla hajaulizwa.

"Tusekile," Mama Subilaga akaita. Sauti yake haikuwa na mzaha. "Njoo upesi. Ameanza kutetemeka."

Gwamaka akasimama na bomba begani. Mzee akaiachia shingo ya kondoo. Alimtazama fundi, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba. Tusekile akapita nyuma ya shuka. Meno ya Lugano yalikuwa yanagongana.

"Nasubiri neno lako, fundi," hita ikasema.

Alifungua mdomo. Baadaye alimwambia mumewe kwamba silabi ya kwanza alikuwa ameshaiandaa. Lakini mkono wake ulikwenda wenyewe kwa mtoto, ukaingia chini ya blanketi, ukashika nyayo zile ndogo. Zilikuwa na joto. Akamshika na mgongo. Joto. Akamtazama mkunga.

"Amekula nini huyu tangu alfajiri?"

Mama Subilaga akajipiga paji la uso. Mzazi alikuwa hajatia kitu tumboni, na mwili uliotoka kujifungua hutetemeka hata mahali pa jua. Kwenye chupa ya chai kulikuwa na uji wa ulezi uliosahaulika. Mkunga akammiminia, akamnywesha taratibu kama anayelisha ndege, akapanda kitandani mwenyewe akamlalia mgongoni.

"Fanya kazi yako," akamwambia fundi. "Huku nipo mimi."

Tusekile akavua glavu, maana skrubu za dohani hazishikiki kwa glavu. Gwamaka alishikilia bomba, yeye akaunganisha. Chuma kilimng'ata vidole, ngozi ikabaki kwenye kiungio kimoja, akaendelea. Bomba la ndani likaingia, la nje likalifunika, akazungushia uzi wa kuzibia, akakaza, akatoka nje kuhakikisha mdomo uko wazi, akarudi akaweka kiganja kila mahali hewa ingeweza kupenya.

"Jaribu."

Hita ikavuta pumzi. Parafujo ikazunguka, punje zikadondoka kikombeni. Mwali ukaruka, wa njano kwanza, wote wakautazama, hata kondoo. Kisha ukasimama, ukanyooka, ukawa mweupe wenye ukingo wa samawati.

"Hewa ni safi," hita ikasema. "Ahsante kwa kunivumilia."

Feni ikaanza, na upepo wa kwanza wa joto ukapita chini ya shuka, juu ya migongo ya kondoo, ukafika kitandani. Lugano akafumba macho. Hakuwa anatetemeka tena.

Mzee Ambilikile hakuomba radhi. Hakuwa mtu wa namna hiyo. Alimkuta Tusekile ameketi sakafuni akipuliza vidole vyake, akavichukua akavifunika ndani ya sufu ya kondoo wake bora, akavishikilia hapo mpaka vikaweza kukunjika.

* * *

Walikaa nyumba moja mpaka barabara ilipofunguliwa. Gwamaka alipika viazi kwa kila namna anayoijua, na Lugano akaanza kumpa amri kama dada wa tumbo moja. Kondoo walirudishwa zizini wakilalamika. Mtoto alinyonya, akalala, akanyonya, na Mama Subilaga alipokuja kumpima alisema kwa kuridhika kwamba ana tamaa kama babu yake.

Ufa ule hita ilikuwa imeutangaza. Haikuwaambia wenzake kwamba moshi unavumilika. Iliwaambia mahali pa kuutafuta: barafu ikianguka kutoka paani, nusa kwenye hewa inayoingia. Hita kadhaa zilizima usiku wa siku ile ile, watu wakazitukana, wakatoka na taa kwenda kutazama.

Kesho yake simu moja ilipigwa wakiwa mezani. Alikuwa baba mmoja wa ng'ambo ya uwanda, mtu wasiyemfahamu, aliyepewa namba ya fundi wa Lusungo ili amuulize afanyeje. Tusekile alikuwa na unga mikononi, akamwomba Mzee Ambilikile aishike simu na kuiwekea sauti ya wote.

"Bomba limepasuka kama mnavyosema," yule baba alieleza. "Halafu nimekuta na kiungio cha ndani kimelegea kabisa, kidole kinapita. Ni upande wa chumba cha watoto. Kumbe hita ilizima tangu usiku, nasi tukawa tunaigombeza."

Tusekile akamwelekeza asiwashe chochote, ahamie kwa jirani na ang'oe bomba alilete. Baba akashukuru. Alikuwa anataka kukata simu.

"Subiri," Mzee Ambilikile akasema. Aliisogeza simu karibu na mdomo, kana kwamba yule mtu ni mgumu wa kusikia. "Hao watoto. Asubuhi waliamka wote?"

"Wote, mzee. Wapo hapa wanapigania maziwa."

Mzee akaiweka simu mezani. Lugano, nyuma ya shuka ambalo hakuna aliyekumbuka kulishusha, alikuwa akimwimbia mtoto kwa sauti ya chini. Theluji ilikuwa imeanza tena kudondoka, nyepesi, isiyo na haraka.

Mzee akainuka. Akavaa buti zake, akachukua chepe lililoegemea mlangoni, akatoka kwenda kuifukua dohani ya jirani.